Je, Wajua? Kadi ya Mtandao Hujua Waya Ulipokatika

Kwenye paa za Umoja, Kayole na Pipeline, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, nyaya nyembamba za kijivu na buluu zinavuka kutoka ploti moja hadi nyingine. Umoja ilipojengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa USAID, ilikuwa mtaa wa nyumba za chini. Leo ni gorofa zilizosongamana hata majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Msongamano huo ndio uliorahisisha biashara ya intaneti ya mtaani: mtu analeta faiba hadi kwenye ploti, anafunga swichi, kisha anavuta waya hadi kwa wapangaji na hadi kwenye saiba iliyo chini. Intaneti ikikatika, lawama huzunguka. Mteja anamlaumu mwenye laini, mwenye laini anailaumu kampuni, na kampuni inamwambia mteja azime ruta aiwashe tena.

Katika ugomvi huo yupo shahidi ambaye ni nadra kuulizwa: kadi ya mtandao, kile kifaa chenye tundu la mraba na taa mbili ndogo nyuma ya kompyuta. Kadi hiyo huweka hesabu ya kila kinachopita na kila kinachoharibika njiani.

Ukoo wake ni wa zamani kuliko wengi tunavyodhani. Tarehe 22 Mei 1973, Bob Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox PARC huko California, aliandika waraka wa kueleza namna kompyuta nyingi zinavyoweza kutumia waya mmoja bila kuzibana midomo. Wazo hilo alilichota kwa sehemu kutoka ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vya Hawaii. Yeye na David Boggs wakaunda Ethernet ya kwanza, iliyokwenda kwa biti milioni 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1983 ikawa kiwango rasmi cha IEEE kwa namba 802.3, na mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa kupitisha biti bilioni moja kwa sekunde katika waya wa kawaida wa shaba. Mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya ikaacha kutegemea setilaiti, lakini hatua za mwisho kabisa, kutoka kwenye kisanduku cha faiba hadi kwenye kompyuta ya saiba, bado ni kazi ya Ethernet.

Kadi hufanya nini hasa? Hupokea data kutoka kwenye kompyuta ikiwa katika vipande viitwavyo fremu, kila kimoja kikibeba baiti zisizozidi 1,500 za ujumbe, kisha huvigeuza kuwa mabadiliko ya haraka ya volti kwenye waya. Mwishoni mwa kila fremu huweka namba ya ukaguzi ya biti 32. Kadi inayopokea hupiga hesabu ileile, na majibu yasipolingana fremu hutupwa na kosa huandikwa. Kila kadi pia hutoka kiwandani na anwani ya MAC yenye biti 48, ambapo nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji.

Lakini kadi haiwezi lolote bila kiendeshi, yaani programu inayouelekeza mfumo wa kompyuta namna ya kuitumia. Kompyuta nyingi za saiba ni zile zilizokwisha kutumika zinazouzwa kwa jina la ex-UK, na ndani yake mara nyingi utakuta kadi ya Intel au ya Realtek. Katika Linux, kiendeshi cha nyingi za Intel huitwa e1000e, na cha Realtek huitwa r8169. Miaka ya 1990, viendeshi vingi vya Ethernet vya Linux viliandikwa na mtu mmoja, Donald Becker, wakati akifanya kazi NASA. Yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida mwaka 1994 zifanye kazi kama moja kubwa, mradi ulioitwa Beowulf. Kompyuta kubwa za siku hizi zilizoungwa kwa mashine nyingi za kawaida zinafuata njia hiyo.

Sasa, kwenye Linux, fungua lile dirisha jeusi la amri, linalowatisha watu bure. Andika lspci -k uone kadi na kiendeshi kinachoitumikia. Andika ip link upate jina lake, kwa mfano enp3s0. Kisha andika sudo ethtool enp3s0, na hapo ndipo ushahidi unapoanza.

Tazama mstari wa Speed. Ukikuta 100Mb/s mahali ambapo kadi na swichi zote ni za gigabiti, shuku waya kwanza. Ndani ya waya mna jozi nne za nyuzi. Mwendo wa megabiti 100 hutumia mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Gigabiti hutumia zote nne. Uzi mmoja wa kahawia ukikatika mahali fundi alipobana kichwa vibaya, kadi nyingi hushuka kimyakimya hadi 100. Intaneti haikatiki, inakuwa nzito tu, na mwenye saiba anaendelea kulipia kifurushi kikubwa ambacho hakimfikii.

Mstari wa Duplex una hadithi chungu zaidi. Kuna mafundi ambao, intaneti ikisumbua, hulazimisha mwendo kwa amri kama ethtool -s enp3s0 speed 100 duplex full autoneg off. Upande wa pili, swichi ambayo bado inajaribu kujadiliana hakuna anayeijibu. Hutambua mwendo, lakini kwa upande wa duplex huangukia half. Sasa mmoja anasema na kusikiliza kwa pamoja, mwingine anasubiri zamu. Ukipima kwa ping kila kitu ni shwari. Mteja akianza kupakia fomu ya kodi ya KRA yenye viambatisho, inakwama. Kwa maoni yangu, kulazimisha mwendo ni dawa ya mwisho, na ukiifanya ifanye pande zote mbili.

Amri ya ethtool -S hutoa hesabu za makosa. Zile za CRC, yaani ile namba ya ukaguzi, zikipanda kila dakika, waya unapokea kelele au umechakaa. Waya wa ndani uliotandazwa juani huanza kupasuka ganda, na Ethernet ya shaba haikukusudiwa kupita mita 100. Kuna hata kadi zinazokubali amri ya --cable-test, iliyoingia Linux mwaka 2020: hutuma mpigo, husubiri mwangwi, na kwa kuwa ishara husafiri kama sentimita 20 kwa nanosekunde, hukadiria mahali ulipokatika. Si zote, nyingi za bei nafuu hujibu kwamba hazina uwezo huo. Na ukiwa na kompyuta yenye kadi kadhaa usijue ipi ni ipi, ethtool -p huwasha taa ya kadi na kuizima, ukaiona kwa macho.

Tahadhari mbili. Ukiwa umeingia kwenye kompyuta kutoka mbali, usiandike ip link set enp3s0 down, maana utakuwa umekata tawi ulilokalia. Na mabadiliko yaliyofanywa kwa ethtool hupotea stima ikikatika au kompyuta ikiwashwa upya, hivyo yaandike kwenye mipangilio ya NetworkManager kwa nmcli.

Kabla ya kumpigia mtu simu, nakili mistari mitatu: Speed, Duplex na Link detected, unaosema kama kadi inauona upande wa pili. Mpe fundi hiyo kwanza, na usikubali kununua ruta mpya kabla hajaieleza.