Rangi Mpya kwa Land Rover Kuukuu

Weka sumaku kwenye boneti ya Land Rover ya zamani, itaanguka. Bodi ile ni alumini iliyochanganywa na magnesiamu, uamuzi wa 1948, chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana utakuta gari la umri wa babu lina bodi nzima, huku chesi yake ya chuma imechomelewa hapa na pale.

Kinachosumbua ni rangi. Huvimba malengelenge, kisha hubanduka vipande kwa vipande. Mafundi hulaumu rangi. Mimi nalaumu maandalizi. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi. Utando huo huikinga, lakini ukikomaa kwa unyevu na chumvi, rangi haina pa kushika.

Rangi kuukuu hutolewa kwa dawa. Soma kopo kwanza: yenye kostiki soda hula alumini yenyewe. Paka, subiri rangi ijikunje, kwangua kwa kipande cha plastiki. Moto wa gesi achana nao, maana alumini haiwi nyekundu ikipata joto. Utashtukia paneli imeshapinda. Brashi ya waya wa chuma nayo huacha chembe zitakazoshika kutu chini ya rangi mpya. Na kwa kuwa rangi za zamani huenda zina risasi, piga msasa wa maji, tena umevaa maski.

Milango ikague kwa makini, hasa ukingo wa chini. Fremu ni chuma, ngozi ya nje ni alumini; maji ya chumvi yakiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa, ikabaki unga mweupe. Unga huo ukwanguliwe wote. Kuuzika chini ya puti ni kumwibia mteja.

Bodi ikishafutwa mafuta kwa tina, imwagie maji safi. Yakitandaa, endelea, yakijikusanya matone, grisi bado ipo. Ikauke kabisa, kisha ipate praima ya asidi au ya epoksi siku hiyohiyo. Gereji ikikwangua gari Jumamosi na kuliacha uani ling'ae hadi Jumatatu, waambie wapige msasa upya kabla ya praima, hata kama watanuna.