Mazoezi ya Nyonga Baada ya Kujifungua: Nani Hulipa?

Mimba na uzazi huilegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ikilegea, mkojo humponyoka mwanamke akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu hupatwa na tatizo hilo baada ya kujifungua, na wengi hunyamaza kwa aibu au kwa kuambiwa kwamba uzazi ndivyo ulivyo. Tiba ya kwanza si vidonge wala kisu, bali mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga aliyeyasomea.

Bima ya afya ya taifa nchini Ufaransa huyahesabu mazoezi hayo kuwa sehemu ya uzazi wenyewe. Mzazi hupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 8, karibu na siku ambazo Uswahilini mtu hutoka arobaini, kisha huandikiwa vikao, kwa kawaida 10. Bima hulipa asilimia 100 ya bei iliyopangwa. Mwanamke halazimiki kuthibitisha kwamba anaumwa, kuzaa kunatosha.

Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, maarufu kama Obamacare, ilizitaja huduma za uzazi na tiba ya kurejesha uwezo wa mwili miongoni mwa mafungu 10 ya lazima kwa bima za watu binafsi na za waajiri wadogo. Ila hayo ni mafungu mawili, na hapo ndipo mzazi anapokwama. Malipo ya uzazi kwa kawaida hufungwa katika ankara moja: kliniki ya wajawazito, kujifungua na ukaguzi wa baadaye. Fiziotherapia haimo. Hulipiwa chini ya fungu la pili, kwa masharti yale yale ya aliyevunjika goti: ugonjwa wenye jina uandikwe, mara nyingi rufaa ya daktari iwepo, na mahudhurio ya mwaka yasizidi kikomo. Mpango ukiwa na kiwango ambacho mgonjwa hujilipia kabla bima haijaanza kuchangia, mzazi hukimaliza kwanza. Tena wataalamu wengi wa nyonga hawana mkataba na kampuni za bima, hivyo mwenye kadi hujikuta akitoa fedha taslimu.

Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hugharamia zaidi ya asilimia 40 ya uzazi wa nchi hiyo. Zamani wengi waliopata bima hiyo kwa sababu ya ujauzito waliipoteza siku 60 baada ya kujifungua, muda ambao matibabu ya nyonga ndiyo kwanza yanaanza. Tangu Aprili 2022 majimbo yameruhusiwa kuurefusha hadi miezi 12, na karibu yote yamefanya hivyo. Fiziotherapia kwa watu wazima, hata hivyo, imebaki huduma ya hiari, na kila jimbo huamua lenyewe kama italipiwa na kwa vikao vingapi.