Magazeti Mawili, Nyumba Moja

Mwaka 2015 watu wa Tunduma walichagua mbunge wa CHADEMA. Uhuru ni gazeti la CCM. Tanzania Daima lilikuwa la kampuni ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo. Leseni ya gazeti hilo ilifutwa mwaka 2020.

Tuseme baba alisoma Uhuru, na kijana wake Tanzania Daima. Mkutano ulikuwa mmoja. Gazeti moja lilionyesha umati, jingine viti vitupu. Mpiga picha akigeuka tu, habari nayo inageuka. Jioni walibishana mpaka ugali ukapoa. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema alichosoma.

Mama, mwanakisomo, aliyachukua magazeti yote mawili. Akatafuta kwanza jina la mwenye gazeti. Kisha akampa baba lile la kijana, na kijana lile la baba.