Programu ni bure, ila faili zako zinatoka?

Wauzaji wenzangu, simu yangu ilipoibiwa, picha za bidhaa na risiti za wateja ziliondoka nayo. Nikaanza kutafuta programu huria ya kutunza nyaraka.

Nextcloud inapandisha picha zenyewe kutoka kwenye simu, na mteja unamtumia linki tu. Paperless-ngx inasoma maandishi ya risiti uliyoskani. Ukitafuta jina la mteja, inakuletea. Alfresco niliiacha, ule ni mzigo wa kampuni kubwa.

Leseni hulipii, ila seva utalipia, au utumie kompyuta yako mwenyewe.

Kabla hujahamia, weka faili 10, zitoe zote, zifungue kwingine. Zikigoma, achana nayo mapema. Mimi nimebaki na Nextcloud, na nakala ya pili iko kwenye diski nyumbani.