Betri Imejaa, Mbona Taa Zimezimika?

Saa kumi na moja jioni, jua bado likiwaka juu ya mapaa ya Mlandege, kioo cha inveta kilionyesha asilimia 100. Jirani yangu aliridhika. Hata umeme ulipokatika saa hiyo hiyo hakushtuka. Aliwasha feni na taa kama kawaida, akaangalia friji yenye chupa za insulini za mavyaa yake, akaenda kulala. Saa saba usiku inveta ikapiga kelele, feni ikasimama, friji ikanyamaza.

Kulipokucha, lawama zilimwangukia mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Bila shaka aliamka usiku kutazama televisheni! Mtoto aliapa kwamba hakuamka. Akanyimwa mpira wiki nzima.

Mama mwenzangu, mtoto yule alisema kweli. Kilichodanganya ni kioo.

Unguja hatukununua betri kwa kuiga majirani. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mpaka Fumba. Mei 2008 ulikatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 giza likarudi, likadumu kama miezi mitatu. Pampu zilisimama, tukahangaika na ndoo. Waya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, ila aliyeyapitia yale hapendi tena kutegemea waya peke yake.

Kioo hukosea vipi? Inveta nyingi hazihesabu umeme ulioingia na uliotoka. Hupima volti, kisha hukisia asilimia. Jua linapochaji betri ya volti 12, volti hupandishwa hadi 14 na zaidi, na inveta huandika “imejaa” hata kama haijajaa. Ukiwasha pasi, volti hushuka ghafla na asilimia huporomoka. Ukiizima, hupanda tena. Ni kama maziwa jikoni: yakichemka hufura hadi ukingoni, ukiyaepua hushuka, na maziwa ni yale yale.

Jirani alimwita fundi. Alikuwa mwanamke, na nililifurahia hilo. (Huko Kinyasini, Barefoot College imewafundisha wanawake wa vijijini, hata wasiosoma sana, ufundi wa umeme wa jua.) Kwanza alifungua mipangilio ya inveta, akakuta aina ya betri haikuchaguliwa sawasawa. Aliyeifunga aliiacha kama ilivyotoka kiwandani. Kisha akaishika betri, iliyokuwa imefungiwa kabatini miaka minne bila hewa. Joto huzeesha betri upesi.

Akaijaribu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ikiwa mpya hubeba kama wati-saa 2,400, na ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo vyombo vya jumla ya wati 120 vingepaswa kwenda karibu saa kumi. Vilikwenda saa nne. Asilimia 100 ya kioo ilikuwa ya ndoo iliyokwisha kusinyaa!

Kama betri yako ni ya asidi, ukweli utaupata alfajiri kabla jua halijachomoza. Zima vyombo, kata chaji, iache itulie saa mbili au zaidi. Vua pete na bangili, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja utaungua vibaya. Kisha pima kwa mita ndogo ya mkononi. Volti 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, na ikifika 12 usiendelee kuitumia. Mfumo wa volti 24 una namba hizo mara mbili.

Wenye betri za lithiamu wasijaribu njia hiyo. Volti yake hukaa kati ya 13.1 na 13.3 tangu imejaa vizuri hadi inapokaribia theluthi, kwa hiyo volti haikwambii kitu. Ulizia waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta, ili betri yenyewe itoe hesabu yake, na fundi achague aina yake kwenye mipangilio. La sivyo, afunge kipimo ambacho mafundi hukiita shanti. Hicho huhesabu kinachoingia na kutoka, kama mita ya Tukuza inavyohesabu yuniti. Waya zote za hasi zipitie hapo. Mmoja ukipita pembeni, hesabu imeharibika. Kiambiwe pia ukubwa wa betri, na mara kwa mara betri ijae kabisa ili hesabu ianze upya.

Kuhusu insulini, usikisie hata kidogo, muulize mfamasia. Kwa kawaida chupa iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji kama wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30, na kwetu joto hilo huzidi. Jirani sasa huiweka chupa inayotumika ndani ya kopo kavu, kopo ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje. Zisizofunguliwa hubaki kwenye friji.

Betri mpya imenunuliwa, na kabati limetobolewa matundu. Mama alimwomba radhi mwanawe mbele ya baba yake. Siku hizi ni kijana huyo anayeamka alfajiri na mita, na namba huandikwa kwenye daftari lililoning’inizwa kwa uzi kando ya inveta. Nilipopita juzi ilisomeka 12.5.