Anayeuliza na Anayejibu

Hadithi, hadithi! Nikisema hivyo nanyi mkakaa kimya, siendelei. Nangoja mniitikie "hadithi njoo". Mkiitikia kwa nguvu, naichangamsha, mkisinzia, naifupisha. Sauti zenu zinaigeuza hadithi yangu. Shikeni hapo hapo, kwa maana neno letu la kwanza leo ni midia shirikishi. Redio husema, uitikie usiitikie. Midia shirikishi hukungoja: ukigusa, inageuka; ukiandika, inajibu. Mchezo wa kwenye simu, ramani inayokuelekeza njia, ukurasa unaoubofya, zote ni za ukoo huo.

Je, mashine zilijifunzaje kuitikiana zikiwa mbali? Twende Marekani, jimbo la California, usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969. Katika chuo kikuu cha UCLA, jijini Los Angeles, mwanafunzi Charley Kline ameketi mbele ya kompyuta. Zaidi ya kilomita 500 kaskazini, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, Bill Duvall ameketi mbele ya nyingine. Wanasikilizana kwa simu ili wajue kinachofika. Kline anataka kuandika LOGIN, neno la kuomba kuingia. Anabonyeza L. Imefika. Anabonyeza O. Imefika. Anabonyeza G, na mfumo wa upande wa pili unakwama! Ujumbe wa kwanza wa mtandao ule, ulioitwa ARPANET, ukawa herufi mbili: LO. Kama saa moja baadaye walijaribu tena, na neno zima likapita.

Herufi zile zilisafirije? Simu za zamani zilitaka njia nzima ishikwe na watu wawili mpaka wamalize mazungumzo. Miaka ya 1960 Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza, kila mmoja kivyake, waliona njia nyingine: ukate ujumbe vipande vidogo, kisha kila kipande ukiandikie kinakotoka, kinakokwenda na namba yake ya zamu. Davies akaviita pakiti. Picha unayomtumia rafiki yako leo hukatwa pakiti nyingi, nazo zaweza kupita njia tofauti. Njiani kuna mashine ziitwazo ruta; kila ruta husoma anwani na kuipitisha pakiti kwa ruta inayofuata. Pakiti ya picha ikipotea, hutumwa tena. Zikifika zote, simu huzipanga kwa namba na picha ikaonekana nzima.

Kazi hiyo haiwezekani bila mapatano, na mapatano ya mashine huitwa itifaki. Vint Cerf na Bob Kahn walieleza misingi yake mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia kwenye itifaki zilizotokana na kazi yao, ziitwazo TCP/IP. Mtandao wowote unaozifuata unaweza kujiunga na mingine. Muungano huo wa mitandao ndio intaneti.

Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Intaneti ni mashine, nyaya na itifaki zinazoziunganisha. Wavuti ni kurasa zinazosafiri humo. Aliyebuni wavuti ni Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wanasayansi wa pale walitoka nchi nyingi na kompyuta za aina nyingi, na aliyetaka habari za mwenzake alihangaika kuzipata. Mwaka 1989 Berners-Lee aliandika pendekezo lake. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na kivinjari cha kwanza na seva ya kwanza. Seva ni kompyuta inayokaa macho ikingoja maombi. Kivinjari ni programu inayopeleka ombi lako na kukuonyesha jibu. Juu ya seva ile alibandika onyo kwa wino mwekundu kwamba isizimwe. Siku zile za mwanzo, kuizima ilikuwa ni kuuzima wavuti wote!

Kurasa huunganishwa na viungo. Ukibofya kiungo, kivinjari husoma jina la tovuti, labda linaloishia na .tz au .ke. Huuliza mfumo wa majina, DNS, namba ya jina hilo. Huiendea seva yenye namba hiyo, huomba ukurasa, na seva huutuma kwa pakiti. Kumbe kila mguso wako ni swali, na kila ukurasa ni jibu.

Kwetu Afrika Mashariki majibu hayo yalichelewa kwa miaka mingi. Kabla ya 2009 mawasiliano mengi ya intaneti kwenda nje yalipitia setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya dunia. Swali lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka: karibu nusu sekunde imekwenda, na hapo seva haijafanya lolote. Katika mchezo wa kukimbizana, ukichelewa nusu sekunde umeshakamatwa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na ule wa TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu. Ndani ya mikongo hiyo mna nyuzi za kioo, na habari hupita humo kwa mwanga unaokwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde.

Wanangu, sogeeni, maana hapa nataka mnisikilize kuliko kote. Itifaki ya wavuti haina kumbukumbu. Kila ukirudi, seva hukuona mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni vidakuzi, vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue. Vinafaa, la sivyo ungeandika nenosiri kwa kila ukurasa. Lakini vyaweza pia kutumiwa kukufuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine. Iko pia algoriti, yaani mpango wa hatua ambao kompyuta huufuata, na ndiyo huchagua video ipi ikufikie baada ya hii unayoitazama. Huchagua kwa kuangalia ulichobofya na muda uliokaa ukitazama. Hata ukiwa kimya, unajibu. Basi kabla ya kujaza jina, shule au namba ya simu, jiulize: nani ananiuliza, na anataka jibu langu la nini? Una haki ya kukataa.

Tena una uwezo mwingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba yeyote anaweza kutumia teknolojia ya wavuti bila malipo. Ndiyo maana huhitaji ruhusa ya mtu kutengeneza ukurasa. Lugha yake, HTML, ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuyaandika hata bila bando na kuyafungua kwenye kivinjari chako. Jifunzeni kuiandika, na mwandike kwa Kiswahili, kuhusu mnayoyajua kweli: samaki wa ziwani kwenu, miti ya dawa ya bibi, mechi za mtaani. Mtoto wa Kigoma akiuliza habari za Ziwa Tanganyika kwa lugha yake, ajibiwe na mtu aliyeogelea humo.