Marehemu Fundi wa Magari wa Mtaa Wetu

Wasomaji watukufu, kurasa kama hizi kwa desturi huwakumbuka mashekhe na watu wa vyeo. Leo twaomba ruhusa yenu tumkumbuke fundi wa magari wa mtaa wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyetangulia mbele ya haki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake hatulitaji, kwani mwenyewe hakupenda kutajwa. Tena tuna deni lake, nalo tutalieleza.

Marehemu alianza kazi angali kijana mdogo katika karakana ya shamba la mkonge, zama mkonge ulipokuwa ndio mali kubwa ya Tanga. Huko alijifunza kutengeneza matrekta, na ile mashine ya kusindika majani ya mkonge iitwayo korona. Baadaye alihamia mjini, akafungua gereji chini ya mwarobaini, akakaa hapo zaidi ya miaka 40. Kwa gereji hiyo aliwalea watoto sita, akawasomesha chuoni na skuli. Kila jioni alirudi nyumbani kabla ya Magharibi, akala na watu wake sinia moja.

Wakubwa watakumbuka taabu iliyoingia nchini baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri vikaadimika, hata mafundi wakalazimika kubuni. Marehemu alikata gasketi kwa karatasi ya boksi, na bushi kwa mpira wa tairi kuukuu, na magari yakatembea. Lakini kitu kimoja hakukibahatisha hata siku moja, nacho ni breki.

Sababu yake tulikuja kuifahamu siku moja kabla ya Idi, miaka mingi baadaye. Tulikwenda kuchukua pampu ya maji ya msikiti, tukamkuta akizungumza na mwenye gari la abiria, ambalo jioni ile lilikuwa liende Lushoto. Alikuwa amekwisha kuifungua silinda kuu ya breki, akaona mpira wa ndani umelika. Alimweleza yule bwana kwa upole kwamba mpira ukilika, mafuta ya breki hupenya pembeni yake, na pedali huzama polepole chini ya mguu. Dereva akikanyaga tena hupanda, naye akadhani breki ni nzima. Katika tambarare huenda asigundue. Walakini katika mteremko wa Lushoto hadi Mombo, wenye kona juu ya kona, hapana nafasi ya kukanyaga mara ya pili.

Mwenye gari alisema kuwa abiria wamekwisha kulipa nauli, na hakuna atakayejua. Marehemu akamjibu: "Kweli, bwana, abiria hawauoni mpira huu. Lakini mimi nimekwisha kuuona."

Akakataa kulifunga gari mpaka upatikane mpira mpya. Ulipatikana usiku, na gari likaondoka alfajiri. Yule bwana alilipa nusu ya ujira, akatukana, wala hakurudi tena, yeye wala magari yake mengine mawili. Idi ile watoto wa marehemu hawakushonewa nguo mpya. Hayo hatukuyasikia kwake. Alitueleza mjane wake baada ya mazishi.

Ndugu zetu, mwenye gari huiona rangi na viti. Kilichomo chini ya boneti hukiacha kwa fundi. Hapo ndipo ilipo amana. Qurani yatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamrisha kuunda deraya na kupima vyema kazi yake. Na katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekisifu chakula apatacho mtu kwa kazi ya mikono yake, akamtolea mfano huyo huyo Daudi. Basi ni nani awezaye kuidharau kazi ya chuma?

Tuliidharau sisi. Na hilo ndilo deni letu.

Yapata miaka 30 iliyopita, nasi tungali vijana katika ualimu, mtoto mmoja wa marehemu hakuhifadhi sura aliyopewa. Tukamwambia mbele ya wenziwe: "Usiposoma utaishia chini ya magari, kama babako." Watoto wakacheka, naye akainamisha kichwa.

Kesho yake marehemu alikuja chuoni baada ya Alasiri. Tulidhani amekuja kugomba. Alitusalimu, akatoa ada ya mwezi, kisha akatuonyesha mikono yake. Weusi wa oili ulikuwa umeingia katika mistari ya viganja na pembeni mwa kucha. "Maalim," akasema, "huisugua kwa mafuta ya taa na sabuni, lakini weusi huu hautoki. Je, udhu wangu watimia?"

Tulimjibu kuwa grisi yenye kiwiliwili, izuiayo maji yasifike kwenye ngozi, haina budi kuondolewa. Ama rangi tupu iliyosalia baada ya kusuguliwa haidhuru kitu. Akashukuru, akasimama kwenda zake. Alipofika mlangoni akageuka: "Ni kweli, Maalim, nipo chini ya magari. Na ada ya mtoto huyu yatoka huko huko chini."

Hakutuvunjia heshima siku ile wala baadaye. Aliendelea kutengeneza pampu ya msikiti bila ya ujira. Nasi kila tulipomwona tuliazimia kumtaka radhi, na kila mara tuliona haya, tukasema kesho.

Siku ya maziko mwanawe alisimama mbele ya jeneza akauliza kama yupo anayemdai marehemu. Hakutokea mtu. Kisha akasema kwamba baba yao ameacha daftari la watu anaowadai, na ameusia wote wasamehewe. Sisi tulikuwa safu ya mbele, na deni letu halikuwamo daftarini.

Baada ya siku chache tulikwenda gereji. Mwana aliyekuwa akifanya kazi pale ni yule yule tuliyemtahayarisha. Tulimtaka radhi kwa nafsi yake na kwa ajili ya baba yake. Alitupa mkono wake, mweusi kama wa baba yake, akasema: "Mzee hakuwahi kulitaja jambo hilo, Maalim. Tumekwisha kusamehe."

Walakini tulikosa mbele ya watu, nasi twaona yatupasa kukiri mbele ya watu. Walimu wenzetu, msimtishe mtoto kwa kazi ya halali ya mzazi wake. Nanyi vijana, mtazameni baba anaporudi jioni, mikono yake imechafuka. Mpokeeni mzigo, mumtilie maji ya kunawa. Na mwenye kumkosea mwenziwe asiseme kesho.

Ewe Mola, mrehemu mja wako huyu, uipanue kaburi yake, na utusamehe sisi. Amin.